Namna ya Kuamua Kama Upasuaji wa Kupunguza Uzito Unakufaa

Mtu akipungua ghafla, majirani husema "kakata utumbo", na mazungumzo yakaishia hapo. Usemi huo unapotosha kwa mambo mawili. Katika upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi utumbo haukatwi hata kidogo, kwani kinachopunguzwa ni mfuko wa chakula. Na tena usemi wenyewe unalifanya jambo lionekane limekwisha siku ya kisu, ilhali sehemu kubwa ya anachokiamua mgonjwa ni miaka inayofuata, yaani vidonge vya kila siku, vipimo vya damu na sahani ndogo. Kwa maoni yangu, anayeweza kuibeba miaka hiyo ndiye anayefaa kupasuliwa, na asiyeweza ni afadhali angoje, hata kama uzito wake unamruhusu.

Anza na hesabu. Chukua uzito wako kwa kilo, uugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu ndilo linaloitwa BMI hospitalini. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 96 atagawanya 96 kwa 2.56 na kupata 37.5. Kwa miaka 30 hivi madaktari wengi walifuata mipaka iliyowekwa Marekani mwaka 1991, kwamba anayestahili ni mwenye 40 na zaidi, au mwenye 35 na zaidi ikiwa ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 chama cha Marekani na shirikisho la kimataifa la madaktari wa upasuaji huu walilegeza masharti: 35 inatosha hata bila maradhi, na mwenye kati ya 30 na 35 anaweza kufikiriwa ikiwa ana kisukari au maradhi mengine ya aina hiyo. Kwa watu wenye asili ya Asia, ambao katika miji yetu ya pwani si haba, mipaka hiyo iko chini zaidi. Hesabu hii inaonyesha tu nani anaruhusiwa. Haisemi nani afanyiwe.

Baada ya hapo andika kwenye karatasi sababu yako, kwa sentensi moja, bila kumwonyesha mtu. Kisukari kisichoshikika, presha, magoti yanayokataa ngazi, kukoroma kunakofikia kukatika pumzi usingizini: hizo ni sababu ambazo upasuaji umeonyesha kuzisaidia. Harusi ya mwakani si sababu, na maneno ya mume au ya rafiki zako pia si sababu, kwa kuwa hao hawatameza vidonge kwa niaba yako.

Pembeni ya sababu hiyo andika uzito unaoutarajia, kisha uulinganishe na ukweli. Kwa wastani, upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula humpunguzia mtu takriban robo ya uzito wake wote, na ule wa kuunganisha upya utumbo humpunguzia karibu asilimia 30. Yule mwanamke wa kilo 96 akipoteza robo atabaki na kilo 72, na hesabu yake itakuwa 28, ambayo kwenye jedwali la hospitali bado ni uzito uliozidi. Hatakuwa mwembamba, ila huenda atapanda ngazi bila kushika ukuta na dozi zake za dawa zikapungua. Kama matokeo hayo yanakuvunja moyo ukiyasoma hapa, yatakuvunja moyo zaidi ukiwa umeshapasuliwa. Kuhusu kisukari, utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 unafundisha kiasi: miaka 2 baada ya upasuaji, asilimia 72 ya waliokuwa na kisukari hawakuwa nacho tena, lakini kufikia mwaka wa 10 waliobaki hivyo walikuwa asilimia 36. Bado waliwazidi sana wenzao wasiopasuliwa. Mwenye kisukari cha miaka mingi anayechoma insulini ana nafasi ndogo ya kupona kuliko aliyekigundua juzi.

Uliza pia kama kuna njia nyingine ambayo hujaimaliza. Sindano za semaglutide, dawa ya kupunguza hamu ya kula, zilizopimwa kwa takriban mwaka mmoja na robo zilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito, na tirzepatide, sindano nyingine ya aina hiyo, ilifika karibu asilimia 20 kwa dozi kubwa; tatizo ni kwamba anayeacha kuchoma hurudisha sehemu kubwa ya uzito, na bei yake ni ya kila mwezi. Puto linalowekwa tumboni kwa mrija wa kamera, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikiitoa pale Mloganzila, halihitaji kisu, lakini kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6 au 12, na njaa hurudi likishatolewa. Mimi naliona kuwa la kumfaa anayehitaji kupungua kidogo, au anayepunguza hatari kabla ya upasuaji mwingine.

Ukifika kwenye upasuaji wenyewe, utakutana na majina mawili. Slivu ni kukata na kutoa kabisa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mfano wa bomba jembamba. Kwa kuwa sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza homoni nyingi ya njaa, hamu ya kula hupungua pia. Kilichotolewa hakirudishwi. Baipasi, kama barabara ya kuzunguka mji, ni kutengeneza kijifuko kidogo cha kiasi cha mililita 30 na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kikaupita mfuko wa zamani ambao unabaki ndani bila kazi ya kukipokea. Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo.

Watu wengi huchagua slivu kwa kuwa ni rahisi kueleweka. Swali ambalo ningelitanguliza mimi ni la kiungulia. Mwenye kiungulia kikali akifanyiwa slivu anaweza kuzidiwa, wakati baipasi kwa kawaida humpa nafuu. Kwa hiyo sisitiza kupimwa kwa kamera ya tumbo kabla ya kuchagua, na kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ambao katika nchi zetu ni wengi mno. Hili lina uzito zaidi kwa baipasi, kwa sababu baada yake mfuko wa zamani haufikiki kwa urahisi na kamera ya kawaida, na kidonda kilichoachwa humo ni vigumu kukiona.

Hatari izungumzwe kwa takwimu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wagonjwa 4,776, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa takriban 3 kati ya kila 1,000. Madhara makubwa ya mwanzo ni kuvuja pale palipobanwa pini, kutokwa na damu, na damu kuganda miguuni au mapafuni. Muulize daktari, bila haya, amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, wangapi kati ya wagonjwa wake walivuja, na nani atakayepokea simu yako saa nane usiku ukiwa na homa na moyo unakwenda mbio. Anayekasirishwa na maswali hayo amekurahisishia uamuzi.

Sasa tuje kwenye maisha ya baadaye, ambako ndiko uamuzi unakopaswa kufanyika. Wiki mbili hivi za mwanzo ni vinywaji vitupu, kisha vyakula vilivyopondwa, na chakula kigumu hurudi taratibu hadi mwezi wa pili. Mtu anahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu; kwa tumbo linaloshiba kwa vijiko vichache, ugali, wali na chapati huchukua nafasi yote kabla samaki, dagaa, choroko au mtindi havijafikiwa. Kwa hiyo mboga na kitoweo hutangulia, wanga hufuata ikibaki nafasi, na maji hayanywewi pamoja na chakula. Katika nyumba ya sinia moja, jambo hili linahitaji kuzungumzwa na mpishi kabla, la sivyo mgonjwa ataonekana anaringa. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema, kwani katika miezi ya mwanzo kupata maji ya kutosha kwa kunywa funda funda ni kazi ya siku nzima.

Vidonge ni vya maisha: vitamini mchanganyiko, B12, vitamini D, kalsiamu na madini ya chuma, na hivi viwili vya mwisho haviendi pamoja, vitenganishwe kwa saa mbili. Anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegravir ajue kwamba madini hayo hupunguza nguvu ya dawa vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu, hivyo ratiba ipangwe na mfamasia, na wingi wa virusi ufuatiliwe. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo kwetu hununuliwa kama pipi, huleta vidonda hasa kwa mwenye baipasi, na sigara vivyo hivyo. Pombe hupanda kichwani haraka kuliko zamani, na wapo waliozama humo baada ya kukosa faraja ya chakula. Mwanamke asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, naye awe mwangalifu, kwa sababu uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba huongezeka, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visitegemewe baada ya baipasi. Nywele hupukutika miezi ya mwanzo kisha kwa kawaida huota tena. Ngozi iliyolegea haijirudi kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo nashauri jaribio ambalo si la kitabibu, ni la kujipima tu. Kwa miezi mitatu ishi kana kwamba umeshapasuliwa: meza kidonge cha vitamini kila siku, kula kwenye kisahani, tafuna kwa dakika 20, usinywe maji wala soda pamoja na chakula, na andika unachokula ukiwa na huzuni au hasira. Hulazimiki kupungua hata kilo moja. Unachokitafuta ni kujua kama wiki ya kumi bado unakumbuka kidonge, na kama kula kwako kuna mzizi ambao mshauri wa saikolojia anapaswa kuugusa kwanza. Aliyeshindwa jaribio hili ana jambo la kushughulikia kabla ya kisu.

Gharama ihesabiwe kwa miaka, si kwa siku moja: upasuaji, vidonge, vipimo vya damu vya mara kwa mara na kisha vya kila mwaka, nauli za kliniki, na akiba ya dharura. Kama una bima, omba jibu lao kwa maandishi. Wanaosafiri kwenda India au Uturuki huvutwa na bei, nami siwalaumu, lakini uvujaji unaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshashuka kwenye ndege. Usikate tiketi kabla hujapata daktari wa hapa nyumbani aliyekubali mwenyewe kukufuatilia, na usirudi bila ripoti kamili ya upasuaji.

Ukishakubali, andaa kadi ndogo ya kukaa kwenye pochi siku zote, yenye jina la upasuaji, tarehe, simu ya daktari, na maneno "Usinipe diclofenac". Zahanati utakayofikishwa ukiwa umezimia haitaweza kujua hayo kwa kukutazama tumbo, kwa maana makovu ya matundu madogo hufanana.