Mbegu ya Petunia Haifukiwi

Kila msimu watunza bustani wa Kampala, Wakiso na Entebbe huleta lalamiko lilelile: mbegu za maua ya petunia ni mbovu, hazikuota. Ukiuliza zilifukiwa kina gani, unaambiwa sentimita moja, kama nyanya.

Mbegu haina kosa hapo. Gramu moja ya petunia ina mbegu zipatazo 10,000. Kila moja ni kama chembe ya vumbi, na chakula kilichomo hakitoshi kulisukuma chipukizi lipenye udongo wote huo. Tena mbegu hii inahitaji mwanga ili iote. Bei ya mbegu chotara mnaijua. Kwa nini mzizike?

Chekecha udongo, jaza trei, loweka kwanza, kisha sawazisha. Changanya mbegu na kijiko cha mchanga laini mkavu, tawanya juu, kandamiza kidogo kwa ubao. Basi! Usiongeze udongo, hata ule wa "kidogo tu". Mbegu zilizovikwa ganda la udongo wa mfinyanzi nazo hukaa juu. Ganda likishalowa lisikauke tena.

Wapo wanaoziacha juu vizuri, halafu wanamwaga maji kwa jagi. Zote zinasombwa hadi pembeni au zinadidimia, na tumerudi palepale. Weka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2, ngoja uso wa udongo ubadilike rangi, itoe ichuruzike. Funika kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, inayopitisha mwanga, uiweke penye mwanga lakini si juani. Kwenye nyuzi 21 hadi 24 miche huchomoza siku ya 7 hadi 10. Kabale, kwa baridi yake, vuteni subira. Ikichomoza, kaveera itoke siku hiyohiyo, la sivyo kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, kitalaza trei nzima.

Hamisha miche ikiwa na majani halisi 3 au 4 (usihesabu yale mawili ya kwanza), kwa nafasi ya sentimita 30, mahali pasipotuama maji na pasipokuwa na nyanya wala viazi mviringo msimu uliopita, maana ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja. Ikifika sentimita 15, kata ncha itoe matawi. Mche mzuri ni mfupi na mnene.

Mvua kubwa huozesha maua. Kwa ukanda wa kati, sia katikati ya Machi. Huchukua kama wiki 12 hadi kuchanua, kwa hiyo utapata maua Juni, mvua za masika zikiwa zimepungua. Ukisia mwishoni mwa Mei, yatafunguka Agosti na kukutana na mvua za Septemba.