Umebaki peke yako? Ipangie kazi saa ya upweke

Kwa mwanamke aliyeachana na mwenzake karibuni, mchana hupita hivyohivyo. Kinachomwangusha ni usiku, nyumba ikishanyamaza. Basi saa hiyo ipangie kazi, kila usiku. Simu iache chumba kingine, chukua daftari, andika hofu moja tu, kwa sentensi kamili: "Naogopa kodi ya mwezi ujao," si "naogopa maisha." Chini yake andika hatua moja ya kesho isiyozidi dakika 15: kupiga simu fulani, kuhesabu akiba, kubadilisha nywila anayoijua huyo mliyeachana. Hofu isiyo na jina haina pa kushikwa, ndiyo maana wengine huomba usiku kucha na kuamka na mzigo uleule.

Kisha omba kwa sauti, ukiitaja hofu hiyohiyo. Ukikosa maneno, soma Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu, na inaanza na malalamiko kabla ya kufika kwenye tumaini. Kumlalamikia Mungu si kukosa imani. Ukiruka siku, usifidie kwa kuandika hofu mbili. Na uamuzi mkubwa, kama kuhama au kumrudia, usiufanye usiku huo: uandike, uusome tena asubuhi.