Kuzuia roboti kwenye seva ya Minecraft

Usidhani seva yako ya Minecraft, toleo la Java, imejificha kwa kuwa anwani umewapa marafiki tu. Zipo programu, yaani roboti, zinazopita anwani za intaneti moja baada ya nyingine zikijaribu poti (namba ya mlango wa kuingilia seva) 25565, ambayo ndiyo ya kawaida ya mchezo huu. Kubadilisha poti kunazichelewesha tu. Seva yangu wanachezea wapwa zangu na wenzao wa mtaani, kwa hiyo sitaki kabisa mgeni asiyejulikana aingie humo.

Fungua faili la mipangilio ya seva, server.properties, uhakikishe pameandikwa online-mode=true. Hapo kila anayeingia lazima akaunti yake ithibitishwe na Microsoft. Wengi huweka false ili vijana wasionunua mchezo nao wacheze. Nawaelewa, bei yake si ndogo, na kulipia mtandaoni bila kadi ya benki ni shida. Lakini ukishaweka false, yeyote anaweza kuingia kwa jina lolote, hata la kwako wewe msimamizi, akapata mamlaka yako yote. Orodha ya walioruhusiwa (whitelist) nayo haikulindi tena, kwa sababu roboti itajiita jina lililomo.

Kisha weka white-list=true na enforce-whitelist=true, uwashe seva upya, na uwaongeze watu kwa amri ya whitelist add ikifuatiwa na jina.

Kufungia kwa anwani, yaani ban-ip, mimi siipendi. Kwenye mitandao ya simu wateja wengi hutoka na anwani moja, kwa hiyo unaweza kumfungia mtoto asiye na kosa, na mhusika akarudi kesho na anwani nyingine.

Linabaki la mchezaji halali anayeacha programu imvulie samaki mchezoni usiku kucha. Tangu toleo la 1.16 hazina, yaani vitu vya thamani vinavyonaswa na ndoana, hupatikana penye maji ya wazi tu, ila samaki wa kawaida bado wanavuliwa popote. Mpangilio wa player-idle-timeout humtoa aliyetulia, lakini programu inayobofya haitulii. Ninachofanya mimi ni kumhamisha kwa amri ya tp hadi nchi kavu, kisha namwandikia: “Mmekula nini leo?” Asipojibu, na ndoana inaendelea kurushwa mchangani, namtoa kwa kick. Ban, yaani kumfungia asirudi, naiacha kwanza, hadi nizungumze na mtoto mwenyewe.