Kinyama cha uvimbe wa ubongo: namna ya kuhakikisha gredi unayopewa ndiyo yenyewe

Naandika hii kwa wenye mgonjwa ambaye dokta keshasema ana uvimbe kwenye ubongo na kinachofuata ni kukata kinyama kikapimwe. Uwe umetoka Kondoa, Mpwapwa au uko hapa hapa Dom mjini, upimwe Benjamin Mkapa au upewe rufaa ya MOI Dar (taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili), maswali ni yale yale.

Gredi ni namba 1 mpaka 4, inasema seli zina ukali gani, haisemi uvimbe ni mkubwa kiasi gani. Na sio steji ile ya saratani ya matiti, maana uvimbe ulioanzia kwenye ubongo ni nadra kusambaa nje ya ubongo na uti wa mgongo. Mtu wa patholojia anaangalia kwenye hadubini kama seli zinagawanyika sana, kama kuna vijishipa vya damu vimeota hovyo, kama kuna sehemu zimekufa. Sa kasheshe iko hapa: uvimbe wa aina ya glioma (unaoota kutoka seli zinazosaidia neva za ubongo) haufanani kote, ni kama kishada cha zabibu, ukichuma punje moja mbichi ukaionja huwezi kusema kishada chote hakijaiva. Kipande cha pembeni kinaweza kusoma gredi 2 wakati katikati kuna gredi 4, ndio maana kosa la kinyama kidogo mara nyingi ni la kushusha gredi, na mgonjwa anaweza kupewa matibabu mepesi kuliko anayohitaji.

Kwa hiyo kabla ya siku ya oparesheni muulize dokta wa upasuaji: MRI (ile picha ya ubongo) ilipigwa na dawa ya mshipani? Ile sehemu iliyong'aa baada ya dawa ndo mnailenga? Kama kinyama kinachukuliwa kwa sindano, mtachukua vipande vingapi, na sehemu tofauti tofauti? Usiogope, hawatakuona mjuaji. Uliza pia kuhusu deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, kwa sababu kama wanahisi ni limfoma (saratani ya seli nyeupe za damu) dawa hiyo inaweza kuyeyusha seli na kinyama kikarudi hakina jibu. Ila usimkatishe dawa mwenyewe nyumbani, hiyo ni hatari kweli, we uliza tu.

Kinyama kikishatoka kinatakiwa kiingie kwenye fomalini asilimia 10, ujazo kama mara 10 ya kinyama chenyewe, sio kwenye maji wala dripu. Ukikabidhiwa kopo upeleke maabara (wengi tunakabidhiwa), hakikisha lina jina, na fomu imeandikwa umri, upande wa ubongo, majibu ya MRI na kama alishawahi kupigwa mionzi. Fomu tupu inamfunga mikono anayesoma slaidi (vile vioo vya hadubini).

Majibu yakija usikimbilie namba. Tafuta maneno kama "angalau gredi 2" au "sampuli ni ndogo", hapo wanakwambia kiungwana kwamba hawana uhakika. Angalia kama wamepima IDH (ni jeni), maana tangu mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2021 astrositoma (aina mojawapo ya glioma) ya mtu mzima isiyo na badiliko la IDH inaweza kuitwa glioblastoma, ile glioma kali, gredi 4, kwa vipimo vya vinasaba hata kama hadubini inaonyesha imetulia. Afu linganisha na picha: MRI inaonyesha duara linalong'aa na katikati kumekufa, karatasi inasema gredi 2? Omba dokta wa upasuaji, wa picha na wa patholojia wakae pamoja. Sio kila kinachong'aa ni kikali lakini, astrositoma ya pilositiki ya watoto inang'aa vizuri tu na ni gredi 1.

Ukitaka jicho la pili huhitaji kukatwa tena moja kwa moja. Nyama iliyobaki inatunzwa kwenye bloku ya nta, omba namba yake na utaratibu wa kuiazima pamoja na slaidi, treni ya SGR ipo, Dar unafika siku hiyo hiyo, ila usiache bloku juani maana nta inayeyuka.