Maonyesho ya Kazi za Studio Kisumu: Namna ya Kuyaandaa Watu Waje na Waelewe

Kila mwaka, mitihani ikikaribia, chama cha wanafunzi wa usanifu majengo hushikwa na homa ile ile: tufanye maonyesho ya kazi zetu za studio, yaani darasa la kubuni na kuchora majengo. Nimewahi kuwa katibu wa chama cha namna hiyo. Tuliharibu mara mbili kabla ya kufaulu mara moja. Siku hizi nachora nyumba hapa Kisumu, na vijana hunipigia simu wakiuliza maswali yale yale, basi nimeona niyaandike.

Kosa letu kubwa halikuwa la pesa. Tulitundika michoro kama tunavyoitundika siku ya kriti, kile kikao ambacho walimu hukaa mstari wa mbele wakakukosoa mpaka usiku. Mwalimu wa studio anasoma mkato, yaani mchoro wa jengo lililopasuliwa toka paa hadi msingi, kama gazeti. Mama mmoja muuza omena alisimama mbele ya kazi yangu, akainamisha kichwa huku na huku, akauliza choo kiko wapi, akaenda zake. Choo kilikuwepo. Nilikuwa nimekichora kwa mistari myembamba ambayo hata mimi niliitafuta.

Hatua ya 1: Mgeni kwanza, mahali baadaye

Kama mnawatundikia walimu, ukumbi wa kitivo unatosha na mwongozo huu hamuuhitaji. Mkitaka watu wa mji, wafuateni waliko. Chuo kikiwa nje ya mji, Maseno au Bondo, hakuna atakayepanda matatu kutoka mtaa wa Kondele kuja kutazama karatasi. Mahali ninapopapendekeza ni Makumbusho ya Kisumu, kando ya barabara ya kwenda Kericho. Yalifunguliwa mwaka wa 1980, yana miti, shule huleta watoto, na ndani kuna boma la Kiluo ambalo litawafaa, kama nitakavyoeleza mbele. Andikeni barua miezi miwili kabla, yenye muhuri wa idara. Barua bila muhuri hulala mezani.

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei. Hata nje ya masika, mtu wa Kisumu anajua alasiri si ya kuaminiwa: mchana upepo hutoka ziwani, mawingu yanajikusanya, na jioni huenda mvua ikashuka na radi zake. Fungueni saa tatu asubuhi, mfunge saa nane mchana.

Hatua ya 2: Chujeni kazi

Hapa ndipo urafiki huvunjika. Kila mtu anataka kazi yake itundikwe, na wengine wamekopa pesa za kuprinti. Chagueni kumi na mbili, zisizidi. Kila kazi ipate karatasi tatu za A1 (sentimita 59.4 kwa 84.1): ya kwanza ionyeshe mahali penyewe na shida iliyopo, ya pili ramani ya jengo, ya tatu jinsi watu watakavyoishi humo. Waliokosa ukutani, kazi zao zifungwe kama daftari la A3 (nusu ya urefu na upana wa A1) juu ya meza. Usiwape wanafunzi kura wachague. Mtachagua wenye marafiki wengi. Ombeni mtu wa nje, kwa mfano mwanachama wa Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya (AAK), ambacho kipo tangu 1967 na kina wapimaji gharama na wapangaji miji pia. Kazi yako ikiachwa na mtu wa nje, hasira zako zitakuwa fupi.

Hatua ya 3: Kuprinti

Maonyesho yetu ya kwanza yalifia hapa. Tulipeleka faili usiku wa kuamkia siku yenyewe, stima zikapotea mtaa mzima, na ziliporudi fonti zilikuwa zimebadilika kwa sababu kompyuta ya duka haikuwa na zile tulizotumia. Kwa hiyo:

Geuzeni kila kitu kuwa PDF huku fonti zimo ndani ya faili. Printini siku nne kabla. Kwanza toeni karatasi moja ya majaribio ya A3, kisha muitazame nje, juani, si chini ya taa ya duka.

Achaneni na mandhari meusi nyuma ya michoro. Najua yanapendeza kwenye skrini. Kwenye plota iliyochoka, ile mashine ya kuprinti karatasi kubwa, yanatoka na michirizi, yanamaliza wino, na karatasi inalowa ikajikunja.

Kisha skeli, yaani uwiano wa vipimo vya mchoro na vya jengo lenyewe. Ukiandika 1:100 kwenye A1 halafu ukaprinti A3, umesema uongo: vipimo vimepungua nusu, skeli imekuwa 1:200. Chora mstari wa kipimo pembeni mwa ramani, uwe na mita 0, 5 na 10. Karatasi ikipunguzwa, mstari nao unapungua, na ukweli unabaki.

Mkibeba, kunjeni karatasi kama mkeka, mchoro ukiwa upande wa nje. Wengi huukunja kwa ndani ili usichafuke, halafu ukitundikwa pembe zinakuja mbele kama masikio. Ukikunjwa kwa nje, pembe zinalalia ubao.

Hatua ya 4: Mbao za kutundikia

Kaeni hapa, msiharakishe.

Chukueni softibodi, ubao laini unaoingia pini, au plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Ilazeni, yaani futi 8 ziende upana, kisha fundi wa jua kali aitie miguu ya sentimita 90. Hesabu yake ni hii: ubao una kimo cha sentimita 122, kwa hiyo katikati yake inaangukia sentimita 151 kutoka ardhini. Hapo ndipo macho ya mtu mzima hukaa, ukiongeza au kupunguza kidogo. Upana wa sentimita 244 unabeba A1 tatu zilizosimama, kila moja 59.4, na nafasi za kupumulia zinabaki. Kazi moja, ubao mmoja. Msipange A1 mbili juu na chini. Ya juu itasomwa na twiga na ya chini na kuku.

Ubao kama huo ni karibu mita tatu za mraba. Upepo wa ziwa ukiupata, umekuwa tanga. Egemezeni mbao mbili mgongo kwa mgongo mfano wa herufi A, mfunge kwa kamba juu, na kila mguu ubebe gunia dogo la mchanga. Tuliwahi kutumia mawe. Mtoto akajikwaa.

Jua nalo. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka mashariki na la jioni linazama magharibi bila kupinda sana. Mbao zielekee kaskazini na kusini, na hakuna mgeni atakayekunja uso. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, basi kazi zenye rangi hafifu ziwekeni upande wenye kivuli. Ni aibu mwanafunzi wa usanifu kutundika mchoro wa kuzuia joto mahali ambapo mtazamaji anaungua.

Hatua ya 5: Modeli

Watu watakimbilia modeli, yale majengo madogo ya mfano. Usishindane na jambo hilo. Weka modeli mbele na karatasi nyuma yake. Skeli ya 1:50 ndiyo nzuri kwa nyumba, kwa sababu nyumba ya mita 12 inakuwa sentimita 24 na mtu wa mita 1.7 anakuwa sentimita 3.4, anaonekana. Wekeni watu hao wadogo. Bila mtu, mgeni hajui kama anaangalia kibanda au uwanja wa mpira.

Supaglu inayeyusha povu la polistirini, kwa hiyo vilima vya povu vigandishwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Pimeni mlango wa tuktuk kabla ya kukata kitako cha modeli. Modeli kubwa ijengwe vipande viwili tangu mwanzo. Miti isigandishwe, ichomekwe siku yenyewe.

Hatua ya 6: Maelezo

Kiswahili na Dholuo, kwa herufi kubwa. Ukitaka kichwa kisomwe kutoka mita tatu, herufi ziwe na kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Maneno hamsini kwa kila kazi. Futa "dhana", futa "mwingiliano wa nafasi". Sentensi iliyotusaidia kuliko zote ilikuwa karatasi moja mlangoni: "Ramani ni nyumba iliyokatwa kiunoni kwa msumeno, paa limeondolewa, nawe unachungulia kutoka juu." Baada ya hapo watu waliacha kuuliza choo kiko wapi, wakaanza kuuliza kwa nini kiko hapo.

Chini ya jina andika "mwanafunzi". Kujiita msanifu majengo kabla ya kusajiliwa na bodi ya BORAQS ni kosa kisheria.

Hatua ya 7: Simama kando ya kazi yako

Mgeni rasmi, hotuba, utepe: dakika kumi, yaishe.

Kazi yenyewe ni kusimama. Usianze kueleza. Muulize mgeni: "Mzee, wewe ungelala chumba kipi?" Kwenye maonyesho yetu ya tatu, yale yaliyofaulu, mzee mmoja aliitazama kazi ya rafiki yangu, nyumba za familia kubwa katika mtaa wa Manyatta, akaweka kidole langoni. "Simba iko wapi?" Katika dala, yaani boma la Kiluo, simba ni nyumba ya kijana, nayo hujengwa karibu na lango, ilhali nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hukaa ndani ikilitazama lango. Rafiki yangu alikuwa amempa kijana chumba ukuta kwa ukuta na cha wazazi. Walimu watatu walikuwa wameipitisha kazi hiyo. Tukamchukua mzee mpaka kwenye boma la makumbusho, akatuonyesha kwa fimbo, na rafiki yangu akachora upya nyuma ya karatasi yake palepale, penseli ikiomba radhi. Kila kazi iwe na daftari na penseli kwa ajili ya mambo hayo.

Mtaulizwa pia: "Kijana, utanichorea yangu kwa ngapi?" Jibu ni kwamba michoro ya kupitishwa na kaunti hutiwa sahihi na aliyesajiliwa. Mpe karatasi ya majina ya waliosajiliwa mliyoandaa, wala usipokee M-Pesa. Nimeona mtu akipokea. Wiki iliyofuata alikuwa anajificha.

Hatua ya 8: Kushusha

Saa nane ikilia, gawaneni: wawili modeli, wawili pini, waliobaki mbao. Pini zihesabiwe, maana uwanja ule Jumatatu utakuwa na watoto wa shule, wengine peku. Daftari za maoni zisomwe jioni hiyo hiyo mkiwa bado mna vumbi, mkila samaki, na kila mtu asome ya mwenzake kwa sauti.