Umebadilisha impela, mashine ya boti haitemi maji

Impela mpya, yaani gurudumu dogo la mpira lenye mabawa la kuvutia maji, ishafungwa, mashine imewaka kwa kamba ya kwanza, lakini nyuma maji hayatoki. Izime hapo hapo. Mashine hizi hupozwa na maji ya bahari yanayovutwa na impela. Zikiyakosa, pistoni hupanuka, hukwaruza silinda na kukwama, na impela yenyewe ikizunguka kavu mpira wake huungua kwa muda mfupi sana.

Anza na lililo rahisi: ingiza waya mwembamba kwenye tundu la kutemea maji. Boti nyingi za Lamu hukaa kwenye tope maji yakipwa, na tundu hilo huziba kwa mchanga na chumvi. Likiwa safi, huna budi kushusha mguu tena, yaani sehemu ya chini ya mashine yenye pampu ya maji. Chomoa kofia za plagi kwanza, kisha fungua kiungo cha fimbo ya gia, ndipo uguse bolti. Bolti iliyoshikwa na chumvi usiilazimishe, maana kichwa kitakatika. Ipulizie mafuta ya kulegezea kutu uiache usiku kucha.

Sasa tafuta kii. Hiki ni kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinachoifunga impela kwenye shafti, fimbo inayoizungusha. Ukivuta impela ya zamani, kii hung'ang'ania grisi kikatoka nayo bila kuonekana, au hudondoka. Ukiwa unafanyia kazi mchangani Shela, basi, umeshakipoteza; tandika turubai kabla ya kuanza. Bila kii shafti huzunguka peke yake ndani ya impela na mashine hunguruma vizuri tu, ndiyo maana watu hukimbilia kulaumu thamostati, kifaa cha kudhibiti joto la mashine. Paka grisi kidogo kwenye mtaro wa shafti, kaza kii humo, shusha impela pengo lake likikutana nacho. Zungusha shafti kwa mkono: impela ifuate. Usikate msumari ukautumia badala ya kii. Utaliwa na kutu na impela itagandana na shafti.

Unapofunika kifuniko cha pampu, zungusha shafti kufuata mwendo wa saa, ukitazama kutoka juu, huku ukikisukuma chini. Mabawa ya mpira yatalala upande unaotakiwa. Baada ya hapo usiizungushe kinyume. Na kama impela ya zamani ilitoka na bawa pungufu, kipande hicho kiko ndani. Kitafute kwenye bomba na njia za maji, la sivyo kitaziba juu.

Kurudisha mguu kunataka watu wawili, mmoja anyanyue, mwingine achungulie kwa tochi. Bomba la maji lazima liingie kwenye mpira wake juu ya pampu. Likikosea, maji humwagika ndani ya mguu na hayapandi. Meno ya shafti yapakwe grisi ubavuni, si kichwani, kwa sababu grisi ikinaswa juu huizuia shafti isiingie yote. Ukiona mwanya umebaki, usiuvute kwa bolti, utapasua kasha. Meno hayajakutana. Kofia za plagi zikiwa bado nje, mmoja avute kamba ya kuwashia polepole mpaka mguu uingie wenyewe.

Jaribu kwenye pipa lenye maji yaliyofunika matundu ya kuvutia na pampu yenyewe, gia huru, mwendo wa chini. Maji yatoke baada ya sekunde chache. Yakiwa ya uvuguvugu ni sawa, yakitoa mvuke zima.

Kisha funga boti gatini ujaribu gia zote: mbele, huru, nyuma. Fimbo ikiunganishwa vibaya, gia hushika nusu na kuchomoka ukiongeza mwendo, na meno yake huanza kulika. Rekebisha kiungo hicho kabla ya kupakia abiria wa Manda.