Kurekebisha Sauti ya Fender Deluxe Reverb ya Zamani

Amplifaya ya gitaa ya Fender Deluxe Reverb yenye sakiti ya AB763, iliyoundwa Marekani katika miaka ya 1960, husifiwa kwa sauti safi, lakini wapiga gitaa wengi huilalamikia trebo (sauti za juu) inayochoma masikio na midi (sauti za kati) iliyozama. Kasoro zote mbili hurekebishika kwa vipuri vya bei ndogo, bila kutoboa tundu lolote.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya wa umeme, kisha kumbuka kwamba kapasita za kuchuja umeme huweza kuhifadhi takriban volti 400 hata baada ya amplifaya kuzimwa, na kiasi hicho kinaua. Unganisha rizista ya kilo-omu 100, yenye uwezo wa wati 2 au zaidi, kati ya chesisi (fremu ya chuma ya amplifaya) na upande chanya wa kila kapasita, subiri dakika moja, halafu pima kwa mita mpaka ionyeshe karibu na sifuri. Ikiwa waya wa ukutani bado ni wa pini mbili, kwanza uwekwe wa pini tatu wenye ethi (waya wa ardhi).

Anza na kapasita ya pikofaradi 47 iliyolehemewa kwenye kidhibiti cha sauti cha chaneli ya vibrato. Hiyo hupitisha trebo pembeni mwa kidhibiti, ndiyo maana ukali husikika zaidi sauti inapokuwa chini. Nyanyua mguu wake mmoja tu, ukijuta, utaurudisha.

Rekebisho la midi ndilo lenye manufaa makubwa zaidi, kwa maoni yangu. Deluxe Reverb haina kidhibiti cha midi. Badala yake ina rizista ya kilo-omu 6.8 nyuma ya kidhibiti cha besi, ilhali dada yake Twin Reverb, amplifaya nyingine ya Fender, ina kidhibiti cha midi cha kilo-omu 10 mahali hapo. Ni kana kwamba umeuziwa Twin ambayo midi yake imegandishwa karibu na saba kati ya kumi. Ukiweka kilo-omu 15, gitaa litasogea mbele na halitamezwa na ngoma, ingawa sauti yote itaongezeka kidogo. Ukiweka 25, ule uwazi unaoitambulisha Fender huanza kupotea, nami sipendekezi kufika huko.

Besi ikivimba unapopiga kwa nguvu, tafuta kapasita ya maikrofaradi 25 iliyo sambamba na rizista ya omu 1,500 kwenye kathodi (mojawapo ya pini) ya valvu ya kwanza ya chaneli hiyo, uibadilishe kwa ya maikrofaradi 0.68. Nguvu ya besi itapungua, bali noti za chini zitasikika moja moja.

Fanya badiliko moja, rudisha spika ya omu 8 kabla ya kuwasha, kwa sababu valvu zikifanya kazi bila spika transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, kisha upige kwa siku kadhaa kabla ya badiliko linalofuata. Vipuri vya awali vitie katika bahasha uibandike ndani ya kasha, kwa kuwa mnunuzi wa amplifaya ya kale huuliza habari za vipuri hivyo kabla ya kuuliza bei.